Nyumba Inayoshuka Sentimita Moja kwa Dakika

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi kwenye karakana ya jumba la maigizo. Mzee aliyenichukua amenipa daftari jipya la kuandikia vipimo. Vipimo nitaandika kwa mbele. Haya nayaandika kwa nyuma, nikiwa nimeligeuza juu chini, ili siku akitaka kulikagua asikutane nayo.

Miaka kumi na tisa nimechomelea mageti na nondo za madirisha. Nilianzia kwenye uwanja wa marehemu baba, akaniachia, nikaendelea kufanya kazi hapo mpaka mwaka jana barabara ilipopanuliwa ikala uwanja wote pamoja na mlango wake. Huyu mzee ndiye mteja wangu wa mwisho. Siku nilipomfungia geti lake alipita na rula ndogo ya chuma akipima pengo la chini, kushoto, katikati, kulia, halafu akasema, "Nusu milimita. Hongera." Nikadhani ananikejeli. Kumbe ananiajiri.

Karakana ni bohari refu la bati nyuma ya jumba. Ndani nimekuta mti usio na mizizi, nusu ya gari, na ukuta wa matofali ambao nilitaka kuuegemea ukayumba. Plaiwudi na rangi tu. Nikarudi nyuma hatua tatu, yakawa matofali tena. Nikasogea, plaiwudi. Nimefanya hivyo mara nne nikidhani sionekani, hadi fundi mpaka rangi akaniambia bila kugeuka, "Hata mimi huwa nafanya hivyo, dada. Mwaka wa tisa huu."

Mzee wanamwita Milimita, hata mbele yake. Mimi tayari naitwa Fundi Geti.

Mama ameniuliza, "Mnajenga nini huko?" Nikamwambia nyumba. "Ya nani?" Ya mchezo. "Mchezo ukiisha?" Tunaibomoa. Ameniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba nafua nguo ili nikazichome.

Jumanne, 4 Machi

Nimesaga kingo za vyuma siku nzima. Joto. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Leo msanifu wa mandhari ya jukwaa ameileta nyumba yake. Ameileta ndani ya boksi la viatu.

Ni binti wa miaka ishirini na sita hivi, kucha zimepakwa rangi, viatu vyeupe pee, ndani ya karakana yenye mafuta na unga wa chuma. Nikasema moyoni, huyu hajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko simu yake. Nikambatiza Binti Karatasi, na jina nikabaki nalo mwenyewe.

Akafunua boksi. Ndani kulikuwa na nyumba ya ghorofa moja ya karatasi ngumu, ina kibaraza, ngazi saba za kupanda mpaka mlangoni, na dirisha la juu lenye kiti kidogo kama punje ya mchele. Mchezo unahusu familia inayokataa kuhama huku mto ukipanda. Milimita akauliza, "Maji tutayaweka wapi?"

"Maji hayapo, Mzee. Hata tone moja. Nyumba ndiyo inashuka."

"Inashukaje?"

"Polepole. Mchezo ni saa mbili, hauna mapumziko. Nataka ishuke mita moja na sentimita ishirini, na pasiwepo mtu hata mmoja ukumbini atakayeiona ikishuka. Mwanzoni wanapanda ngazi saba kuingia ndani. Mwishoni ngazi hazipo. Wanavuka kizingiti tu."

Akaweka kidole juu ya paa la karatasi akalibonyeza. Sehemu ya chini ya boksi ilikuwa na tundu. Nyumba ikashuka, ngazi ya kwanza ikapotea, ya pili, ya tatu, mpaka mlango ukakaa sawa na sakafu. Nilitaka bado kumdharau, na nikaona ameshaniteka.

Milimita akatoa penseli sikioni. "Sentimita moja kwa dakika," akasema, kama mtu anayesoma bei dukani.

Jumatatu, 10 Machi

Tumekubaliana jinsi ya kuishusha. Chini ya jukwaa kuna shimo la zege, kina chake kinanizidi kimo. Ndani ya shimo tutasimamisha skrubu nne nene, moja kila kona. Kila skrubu ina nati kubwa kama ngumi mbili, na kwenye nati kuna kikono cha chuma kinachobeba kona ya nyumba. Skrubu ikizunguka, nati inashuka, kona inashuka. Mnyororo mmoja unaunganisha skrubu zote ili kona zisipishane. Mzunguko mmoja ni nusu sentimita. Mizunguko miwili kwa dakika, dakika mia na ishirini, mizunguko mia mbili na arobaini.

Tulijaribu mota. Ilinguruma kama trekta. Mwongozaji wa mchezo alisema hataki familia yake ifie karibu na kinu cha kusaga. Kwa hiyo tutazungusha kwa mikono, watu wawili, kila mmoja na mpini wake upande wake.

Vikono vyote vinne nitachomelea mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Bati lilipiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Maji yameingia chini ya mlango wa karakana.

Jumanne, 18 Machi

Kikono cha kwanza na cha pili vimetoka vizuri. Cha tatu nimekimaliza mvua ikipulizwa na upepo mpaka kwenye meza yangu. Chuma kilikuwa kimeloa, nami niliharakisha. Mshono ulitoka na matundu. Nikapitisha juu mwingine, nikausaga kwa grinda mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Milimita alipita akautelezesha kidole akasema, "Safi."

Jumatano, 19 Machi

Kikono cha nne. Kizuri kweli.

Jumatatu, 24 Machi

Nyumba imeanza kusimama. Fundi mpaka rangi ameupaka ukuta wa mbele alama ya unyevu, ile rangi ya chai inayopanda kutoka chini ya kuta za zamani. Ametumia sifongo, bomba la kupulizia na mate yake mwenyewe. Nilisimama pale nikaisikia harufu ya uvundo. Harufu haikuwepo.

Binti Karatasi anakuja kila siku. Leo ameomba kitasa cha mlango kisogezwe sentimita mbili chini. Nikamuuliza kwa nini. "Watu wa zamani walikuwa wafupi," akasema. Nilicheka kwa sauti nikasogeza. Kisha nikafungua mlango, mkono ukashuka kidogo kufuata kitasa, na kwa kufumba na kufumbua nilikuwa kwenye nyumba ya bibi mzaa baba.

Jumapili, 30 Machi

Mvua siku ya sita mfululizo. Mama anaongea na bati la nyumba yetu kama jirani mkorofi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mwigizaji anayecheza bibi wa familia ametutembelea. Ni mama wa miaka sabini na moja, mwembamba, ana sauti inayofika mbali bila kupanda. Katika mchezo anakaa dirisha la juu saa mbili zote, hashuki. Kwenye karatasi ni kile kiti cha punje ya mchele. Kwenye nyumba yetu ni mita tatu na nusu kutoka jukwaani, juu kabisa ya kona ya tatu.

"Nimekuja kukisalimia chumba changu," akasema. Wote tunamwita Bibi sasa.

Jumanne, 8 Aprili

Nyumba imehamishiwa jukwaani vipande vipande. Watu kumi na wanne, siku mbili. Tulipofunga boliti ya mwisho umeme wa jukwaa uliwashwa, taa moja tu, ya pembeni. Nimekaa na zile mbao mwezi mzima. Nayajua mafundo yake. Taa ilipozigusa nilishika mkono wa mtu aliyekuwa karibu yangu, na alikuwa Binti Karatasi. Analia bila aibu. Amesema, "Sikuwa na hakika ingekuwa nyumba."

Ijumaa, 11 Aprili

Leo tumepima uzito. Mifuko ya mchanga ghorofani, mara tatu ya uzito wa waigizaji. Tukaishusha mita nzima na sentimita ishirini, tukaipandisha. Kona zote nne, pimamaji haikutikisika.

Kisha Milimita akapanda mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha Bibi, akafungua gazeti, akasoma nusu saa nzima huku tukizungusha. Anafanya hivyo kwa kila kitu anachojenga. Kabla ya leo ningesema ni mbwembwe za mzee. Leo nilikuwa chini shimoni nikikitazama kikono cha tatu, na kila alipofunua ukurasa kijasho chembamba kilinitoka.

Kimeshika. Nimejiambia mara kumi kwamba kimeshika.

Jumamosi, 12 Aprili

Kimeshika.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nitaandika yote.

Asubuhi waigizaji waliletwa kuiona nyumba kabla ya kuanza mazoezi ndani yake kesho. Bibi alinitafuta. Alinikuta shimoni na tochi, nakiangalia kile kikono kama mtu anayeangalia jino linalomuuma. Akainama ukingoni, akaniambia, "Wameniambia wewe ndiye umeijenga kona yangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Mwanamke?"

"Ndiyo."

"Basi nitakaa kwa raha. Mimi naogopa juu, unajua. Tangu utotoni. Nilikuwa nataka kumwambia mwongozaji amtafute mwingine, nikasema kwanza nimwone aliyejenga." Akacheka. "Nimekuona. Nitakaa."

Akaenda zake. Nikabaki shimoni na tochi yangu. Nilikuwa na majibu tayari ya kumpa mtu yeyote: mifuko ya mchanga, uzito mara tatu, nusu saa ya gazeti. Yote kweli. Lakini mshono wenye matundu hauvunjiki siku ya kwanza. Unachoka. Unashuka na kupanda, unashuka na kupanda, halafu siku moja ya kawaida tu unaachia. Hilo nalijua tangu nina miaka kumi na minane. Baba alinifundisha kwa geti la shule.

Nilipanda ngazi nikamtafuta Milimita. Alikuwa anakunywa chai peke yake, mgongo kwenye ule ukuta wa matofali ya plaiwudi, ambao kwake hauyumbi kwa sababu anajua pa kuegemea.

Nikamwambia. "Mzee, kikono cha tatu nilikichomelea kwenye mvua. Mshono uliharibika. Nikausaga ukapendeza."

Aliweka kikombe chini, akachukua grinda, akanipa. Tukashuka wote wawili. Tukaifunga kona kwa magogo na jeki ili nyumba isitegemee kikono, kazi ya saa mbili, na muda wote huo hakusema neno isipokuwa "shika" na "achia". Kisha akasema, "Kata. Wewe."

Nikakata. Cheche zikaisha, nikapuliza vumbi, akamulika tochi. Juu kulikuwa na ngozi nyembamba ya chuma inayong'aa. Chini yake, weusi. Gamba na matundu, kama mkate ulioungua. Na kutoka kwenye tundu moja ulikuwa umeanza ufa, mwembamba kama unywele, urefu wa kucha yangu. Mpya. Ulizaliwa Ijumaa, yeye akisoma gazeti juu yake.

Sikuweza kuinua uso. Nilisubiri kufukuzwa, na kusema kweli nilitaka anifukuze.

Akakaa juu ya ndoo. "Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitatu," akasema. "Ilikuwa roshani ya mchezo wa nyimbo. Nilisaga nikapendezesha, kama wewe. Mshono haukusema kitu siku nne. Siku ya tano ukaachia. Watu kumi na wawili wa kwaya walitakiwa wawe juu, ila walikuwa wamechelewa kurudi, wanakunywa maji. Roshani ilianguka tupu."

"Walijua ni wewe?"

"Hawakujua. Wewe ni wa kwanza kujua." Akaumulika tena ule ufa, akautazama muda mrefu, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama uso wa mtu anayeangalia mtoto mchanga. "Mwaka wa thelathini huu napanda juu ya vitu na gazeti. Sikuwahi kuona ufa. Leo nimeuona, kwa sababu umeniambia."

Juu, mwongozaji alikuwa anasubiri. Milimita akamwambia tunahitaji siku mbili, vikono vyote vinne vitafunguliwa na kuchomelewa upya ndani, pakavu. Mwongozaji akapandisha sauti. Siku kumi na mbili kabla ya onyesho, waigizaji ishirini, mara mvua, mara umeme, na sasa hili. "Kosa la nani?"

"La karakana."

"La nani hasa, Mzee?"

"La karakana," akarudia, kwa sauti ileile, mpaka yule mtu akachoka.

Wiki sita nimemwona kama mzee msumbufu wa nusu milimita. Nilijisahau nikaandika hivyo hata kwenye kurasa za mbele, kwa penseli, pembeni ya vipimo. Nimekwenda kuyafuta.

Jumatano, 16 Aprili

Vikono vinne vipya. Kila mshono ameukagua kabla ya kusagwa. Hatukuusaga hata mmoja. Vimebaki na mabonde yake, vibaya kwa sura, nami nimevipiga picha.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Bibi mwenyewe. Sikuweza kuacha akae juu ya kazi yangu bila kujua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na sasa?" Nikasema sasa ningemkalisha mama yangu pale. Akafikiri. "Wewe panda kwanza, nikuone." Nikapanda. Nimekaa kwenye kiti chake dakika arobaini wakizungusha. Nami si mtu wa kusoma gazeti, nikaishia kuhesabu viti vya ukumbi. Mia tano na kumi na sita.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Mto wa mjini umefika kwenye nguzo za daraja. Waigizaji wanasema maneno yao juu ya mto na nje tunasikia mto.

Jumamosi, 26 Aprili

Onyesho la kwanza lilikuwa saa kumi alasiri, kwa sababu mwenye jumba aliogopa kuwatoa watu nje gizani na barabara zilivyo.

Saa nane Milimita, aliyekuwa azungushe pamoja nami, akapiga simu. Daraja limefungwa. Yuko ng'ambo, amesimama kwenye matope na suti yake, hawamruhusu hata kwa miguu. "Zungusha wewe," akasema.

"Mwenzangu atakuwa nani, Mzee?"

"Anayeijua nyumba." Simu ikakatika.

Wapiga misumari wote walikuwa na kazi zao nyuma ya mapazia. Nikageuka nikamwona Binti Karatasi, amevaa gauni la sherehe, amesuka nywele upya. Alikuwa amenisikia. Akavua viatu, vile vyeupe, akaviweka juu ya boksi la misumari vikitazama mbele kama vimekaa kuangalia mchezo. Akashuka shimoni.

Chini kulikuwa na maji. Si mengi, yalifika kifundo cha mguu, yakitoka kwenye nyufa za zege bila sauti. Tukatazamana. Nikasema, "Ulisema hakuna tone hata moja." Akacheka kicheko cha woga.

Msimamizi wa jukwaa alikuwa masikioni mwetu kwenye vifaa vya kusikilizia. Akasema, "Pazia." Halafu, "Dakika ya kwanza." Tukaanza. Mzunguko mmoja kwa kila nusu dakika. Kuzungusha polepole kiasi hicho ni kugumu kuliko haraka. Mkono unataka kukimbia. Juu yetu tulisikia nyayo zikipanda ngazi saba.

Dakika ya ishirini gauni lake lilikuwa limelowa mpaka magotini. Dakika ya hamsini nikaona anabadilisha mkono, na mpini una damu. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba nimwite mtu. Akatikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi.

Dakika ya sabini na moja mpini ukagoma. Wangu na wake kwa pamoja. Nikapiga magoti nikafuata mnyororo kwa vidole ndani ya maji meusi, kona ya kwanza, ya pili, na kati ya kona ya pili na ya tatu nikakuta kipande cha ubao kimeelea kikaingia kwenye meno ya gia. Juu, Bibi alikuwa anasema maneno yake ya dirishani, kuhusu mumewe aliyeotesha mti ule wa nje. Sauti ilishuka kupitia sakafu, mbao, chuma, mpaka kwenye mikono yangu. Nilikivuta kipande, nikakizungusha, nikakivuta tena kikatoka.

"Dakika ya sabini na tano," sikioni. Tumechelewa sentimita nne. Mizunguko minane. Tukiikimbiza, wataiona. Tukiiacha, ngazi ya mwisho haitazama na mwigizaji atajikwaa kwenye kizingiti mbele ya watu mia tano.

Binti Karatasi alifumba macho. Midomo ikacheza. "Zimebaki dakika arobaini na tano," akanong'ona. "Kila dakika tano tuongeze mzunguko mmoja. Mara nane. Tutawakuta dakika ya mia na kumi na tano."

"Wataona?"

"Hawataona."

Tukazungusha. Sijawahi kufanya kazi na mtu hivyo. Hatukuongea tena, wala hatukutazamana. Mkono wake ulikuwa upande wa pili wa mnyororo nami niliusikia kama ninavyousikia wangu. Dakika ya mia na kumi na tano tulikuwa sawa. Dakika ya mia na ishirini alama nyekundu kwenye skrubu ikagusa alama nyekundu kwenye nguzo. Tukaachia.

Juu yetu nyayo zilitembea kutoka jukwaani mpaka ndani ya nyumba, moja kwa moja, bila kupanda.

Kisha ukumbi ukatoa sauti. Haikuwa ya makofi wala kelele. Watu mia tano walivuta pumzi kwa pamoja, na mimi niliisikia kutoka chini ya ardhi. Binti Karatasi alikaa chini ndani ya maji na gauni lake.

Jumapili, 27 Aprili

Mama alikuwepo jana, kiti cha safu ya sita. Nilimkuta nje ya jumba na mwavuli, kimya. Mama yangu kuwa kimya ni habari. Tumekwenda hivyo mpaka nyumbani.

Leo asubuhi, akichambua mboga, ameanza mwenyewe. "Yule baba wa mchezoni alikuwa kasimama nje, kichwa chake kiko karibu na dirisha la juu. Nikajiuliza, huyu amerefuka lini?"

Nikacheka.

"Usicheke. Nilikuwa natazama muda wote. Sikusinzia hata kidogo. Muulize mama yako mdogo, tulikaa pamoja." Akachambua jani moja, la pili. "Baba yako alishuka hivyohivyo. Miezi minane niko naye chumba kimoja. Watu waliotoka mbali walikuwa wakiingia wanashika mdomo, mimi nawashangaa wanashangaa nini. Sikuona. Mpaka siku nilipombeba mwenyewe kutoka kitandani, peke yangu, kama mtoto." Akaweka kisu chini. "Nilidhani sikumwangalia vizuri. Miaka sita nadhani hivyo. Jana nilikuwa naangalia kwa macho yangu mawili, na sikuona."

Nikakaa, nikachambua naye.

Jumatatu, 28 Aprili

Daraja limefunguliwa. Milimita amefika akaenda moja kwa moja shimoni. Amepima kila kona. "Nusu milimita," akasema, akamtazama Binti Karatasi mikono iliyofungwa bendeji. "Nyie wawili mtaendelea."

Alhamisi, 1 Mei

Onyesho la tatu. Maji shimoni yanavutwa na pampu. Hakuna la kusema, na hilo ni jambo zuri.

Jumatano, 7 Mei

Mvua imepungua. Bibi amesema sasa anapanda juu bila kushika ukuta.

Jumamosi, 10 Mei

Leo ndiyo mwisho; Jumatatu tunaibomoa. Nikiwa nakunja mikono ya ovaroli nishuke shimoni, Milimita akanizuia. Yeye na Binti Karatasi wangezungusha. Mimi niende nikakae.

Sikuwahi kuiona kutoka ukumbini. Nilipata kiti safu ya tisa, katikati ya wageni, kulia kwangu baba mmoja mnene anayehema. Nikaapa nitaiona ikishuka. Najua kila boliti. Najua dakika, najua nusu dakika. Nilichagua alama moja: doa la unyevu ukutani, juu ya ukingo wa pipa lililosimama jukwaani bila kusogea. Nikalikazia macho.

Nililiangalia dakika kumi, halijasogea. Ishirini. Najua kwamba chini yangu mikono miwili ninayoijua inazungusha, najua zimepita sentimita ishirini, na macho yangu yanakataa. Halafu Bibi akaanza kusema dirishani, nikainua uso mara moja tu. Kidogo tu. Nikarudi kwenye doa langu, sikulikuta. Lilikuwa limezama nyuma ya pipa, sijui tangu lini.

Nikachagua lingine. Nalo likaniponyoka. La tatu nalo. Baada ya hapo niliacha kutafuta, nikaiangalia familia. Walikuwa wanagombana kuhusu sufuria. Walikuwa wanacheka. Msichana alikuwa anakaa kwenye ngazi ya nne, halafu kwenye ngazi ya pili, na ilikuwa ni ngazi ileile.

Mwishoni baba wa familia alitembea kutoka nje akaingia ndani, hakupanda. Ukumbi ukavuta pumzi, nami nikavuta pamoja nao, kwa mapafu yangu mwenyewe, kama mtu asiyejua lolote.

Taa zilipowaka yule baba mnene alikuwa bado ameduwaa. Akanigeukia. "Samahani, dada. Hii nyumba si ilikuwa na ngazi?"

"Ilikuwa nazo. Saba."

"Zimeondoka saa ngapi?"

Nikaitazama nyumba yangu, imekaa chini kabisa, mlango wazi, imetulia kana kwamba ilizaliwa hapo.

"Sijui," nikamwambia, na sikuwa nadanganya.